Selo Niliyoianika Juani

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Wiki ya sita tangu nitoke nyumbani Kanazi. Leo tumepiga lipu ukuta wa nyuma wa ukumbi wa muziki. Mimi ni saidia fundi: nachanganya, nabeba karai, nasafisha. Mgongo unauma palepale pa jana.

Hapa ni tawi dogo la chuo kikuu, nje kidogo ya Biharamulo mjini. Kuna walimu wa piano na fidla, na wanafunzi wachache. Wanafanya mazoezi chumba cha pili huku sisi tunakwangua na koleo. Hawalalamiki. Wakikosea wanarudia kipande kilekile mpaka nachoka mimi.

Anayerudia kuliko wote ni Sista Veneranda. Anapiga selo, ile fidla kubwa inayosimama chini, mpigaji anaibana kwa magoti. Iko moja tu chuoni. Fundi Masanja anasema ni mlio wa ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Anasema Msukuma hawezi kudanganywa juu ya ng'ombe. Nilicheka. Halafu nikaendelea kusikiliza.

Jumanne, 5 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Hakuna kazi. Nimefua.

Sista alikuja kujikinga chini ya bati letu. Nikamwamkia, akaniitikia kwa Kihangaza, lugha yetu. Kumbe ni wa Ntobeye, upande wa kwetu. Nilifurahi kupita kiasi, kama mjinga. Alinieleza kwamba Jumamosi ana mtihani wa mwisho wa kupiga. Mtahini anatoka mbali, anakuja mara moja kwa mwaka. Asipopiga Jumamosi basi, kwa sababu shirika lake limeshampangia kazi ya zahanati mwakani na mama mkuu hataongeza mwaka mwingine. Hapendi zahanati. Alisema hivyo wazi, sista mzima. Anataka kufundisha muziki.

Jumatano, 6 Novemba

Siku mbaya.

Asubuhi Mwalimu Rwegasira, mzee anayemfundisha Sista, alituomba tutoe vyombo stoo kwa sababu ya ubichi wa lipu. Alisema viwekwe pakavu. Akaenda darasani. Jua lilikuwa limetoka kali baada ya mvua ya jana. Fidla niliziweka verandani. Selo niliitoa kwenye mfuko wake, nikaigusa, nikaona ina ubaridi wa stoo. Kwetu ngoma ikipoa haipigwi harusini hivyohivyo. Inaanikwa, au inasogezwa kwenye moto wa nyasi, ngozi ikaze, ndipo ilie vizuri. Nikafikiri namsaidia Sista. Nikaisimamisha juani, nikaiegemeza kwenye mabati mapya ya kuezekea.

Saa sita ililia yenyewe. Mlio mkavu, kama kuni inayopasuliwa. Ubao wa mbele ulikuwa umeachana na ubavu, mwanya wa kuingia kidole.

Masanja aliniwahi. Alisema nitulie, tuseme upepo umeiangusha, upepo hakuna wa kuuhoji. Mwalimu alipokuja Masanja akasema hivyohivyo. Mimi nilitazama chini. Sista aliishika ile selo kama mgonjwa, akaenda nayo nyuma ya jengo. Nilimsikia analia.

Sikula.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimemwambia Mwalimu. Nilimsubiri mlangoni, nikasema shikamoo, akaitika marahaba, nikasema yote kabla sijaogopa. Nilimwambia hata habari ya ngoma.

Nilijua nafukuzwa. Halafu akasema, "Ngoma ni ngozi, Deo. Hii ni ubao na gundi. Jua linaikaza ile, linaiachisha hii."

Nikamwambia sikujua.

"Najua hukujua. Kosa langu nimesema pakavu, sikusema kivulini. Washa jiko."

Alikuwa na gundi yake ngumu, vipande kama sukari guru, ya kuchemshwa taratibu ndani ya maji. Kazi yangu ilikuwa mkaa tu: usizidi, usizime. Yeye alipaka kwa brashi nyembamba. Vibanio vyake havikutosha kuizunguka, kwa hiyo tulikata tyubu za baiskeli tukaifunga kama mguu uliovunjika. Mzee wa Kihaya, viatu vinang'aa, amepiga magoti kwenye vumbi la saruji. Alisema isiguswe mpaka kesho jioni. Na mvua ikinyesha gundi inachelewa kukauka.

Sista alipita, keshaambiwa. Hakunisalimia. Haki yake.

Masanja kanuna, anasema nimemwonyesha kwa Mwalimu kuwa ni mwongo. Ni kweli nimemwonyesha.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua imenyesha tangu alfajiri mpaka mchana. Niliichukia kila tone.

Jioni Mwalimu alifungua tyubu. Imeshika. Sista akakaza nyuzi kidogo kidogo, akapiga. Sauti za juu ziko safi. Kwenye uzi mnene kabisa inakwaruza, kama nyuki ndani ya debe. Mwalimu alimwambia wimbo ukifika kwenye uzi ule apige kwa mkono mwepesi. Sista akamjibu kwamba mahali pale ndipo penyewe, hapapigwi kwa wepesi. Wakabishana. Niliondoka, hayakuwa maneno yangu.

Jumamosi, 9 Novemba

Niliomba ruhusa kwa Masanja. Akasema, "Nenda ukamzike ng'ombe wako, Mhangaza." Ila alinipa shati lake safi nivae.

Nilisimama nyuma kabisa. Mtahini ni mama mnene, mkali wa uso, hakuinua macho kwenye karatasi. Sista alianza. Mwanzoni vidole vilikuwa vigumu, hata mimi niliona. Kisha akafika kule kwenye uzi mnene. Hakupiga kwa wepesi. Alipiga kwa nguvu zote, ule mkwaruzo ukatoka, ukumbi mzima ukausikia, naye hakusimama, hakukunja uso, akaendelea kana kwamba umeandikwa ndani ya wimbo wenyewe. Mtahini akainua macho. Hakuyashusha tena mpaka mwisho.

Jasho lilinitoka kuliko siku ya zege.

Jumapili, 10 Novemba

Misa ya kwanza. Baada ya misa Mwalimu alinikuta nje, akaniambia Sista amefaulu. Si kwa alama za juu. Mtahini kaandika kwamba chombo kina kasoro na mpigaji hana woga. Mwakani atafundisha muziki, mama mkuu amekubali kwa simu.

Sista mwenyewe alikuja baadaye, amebeba selo mgongoni ndani ya mfuko wake. Nilimwomba msamaha tena. Alisema bado ana hasira kidogo, itaisha. Kisha akasogea karibu.

"Kaka Deo, ukifika kwetu usimwambie mtu kwamba nililia."

Sitamwambia mtu.

Mchana nimelala. Jioni nimempigia simu mke wangu Adela, nimemwambia umebaki ukuta mmoja. Jumapili ijayo nategemea kuwa nyumbani.