Gogo Nililopikia Maharage

Jumatatu, 1 Novemba 1976
Mvua. Kuni zimelowa, uji nimeunywa vuguvugu. Mwezi wa tatu tangu nihamishwe kutoka Korogwe kuja kufundisha hapa Kitanga, na bado jirani yangu Mzee Bukuru ananijazia magogo uani. Gogo la kukalia. Gogo la kuwekea baiskeli. Gogo la kuvukia mtaro. Jana kaleta jingine, kalilaza chini ya upenu wangu bila hodi. Simpendi.

Jumatano, 3 Novemba
Nimelipasua. Jepesi, ndani tupu, limefungwa kwa kamba za magome. Bovu kabisa, nikasema. Limewaka kwa harufu tamu. Maharage yameiva upesi. Raha iliyoje!

Alhamisi, 4 Novemba
Ulikuwa mzinga wa nyuki. Mpya. Harufu ile ilikuwa nta aliyoupaka ndani. Alikuwa anaukausha kwangu maana kwake panavuja. Amesimama mlangoni, kofia mkononi.
"Mwalimu, umepikia maharage nyumba ya nyuki wangu."
Kumbe binti yake Stefania anaolewa mwakani, na asali ya mzinga ule ndiyo ya pombe ya arusi. Miti ya mitundu, inayovuta nyuki, imeanza kuchanua. Maua yakipita, nyuki hawaingii.
Nikamwambia mzinga hauwekwi upenuni kwa watu. Akasema nitachonga mwingine.
Mimi? Thubutu.

Jumamosi, 6 Novemba
Hakuna anayeniitikia salamu kisimani. Hata wanafunzi wananiamkia wakitazama chini.
Nimeazima tezo.

Jumatano, 10 Novemba
Malengelenge. Chaki siishiki. Mzee amekaa kwake ananitazama nikichonga. Namchukia. Nalichukia gogo. Upande mmoja nimeutoboa, nikaziba kwa udongo.

Jumapili, 14 Novemba
Ameupokea. Akaugeuza, akaugonga, akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaupaka nta, akapanda nao mtunduni, mzee yule na magoti yale. Niliogopa ataanguka. Niliogopa pia nitaulizwa mimi.

Ijumaa, 19 Novemba
Hakuna kitu. Maua yanapukutika. Stefania kapita, kanitazama tu. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 23 Novemba
Nimepita pale penye mzinga baada ya vipindi. Mzee Bukuru alikuwa chini ya mti. Hakunisalimu, nami sikumsalimu. Nyuki wanaingia na kutoka, wengi, kwa lile tundu nililoliziba vibaya. Tumesimama, kila mtu upande wake wa mti, tukisikiliza. Mvua ilipoanza hakuna aliyeondoka.