Chetezo Ndani ya Gari ya Harusi

Sami, mkono wa Bi Ghaliya umeungua. Mama wa biharusi, Sami.

Ile dashibodi ya gari ya harusi, iliyokuwa inanata kama halua, niliisugua kwa thina mpaka rangi mbovu ikatoka yote. Nikapuliza nyeusi mpya, nikafunga vioo vumbi lisiingie, nikenda kusali alasiri.

Narudi, namkuta kafungua mlango, chetezo mkononi, makaa yamewaka. Anataka kuifukiza udi gari ya mwanawe. Mvuke wa thina, unaoshika moto kama petroli, umejaa mle ndani. Moto ukaripuka hapo hapo.

Gari ya biharusi lazima ifukizwe, nani asiyejua? Nimesahau vipi?

Sasa yuko hospitali. Unajua kanambia nini? "Nisamehe mwanangu, nimekuharibia kazi yako."

Ananiomba radhi mimi, Sami. Na mimi nikamjibu, "Nshakusamehe."