Bomba Moja, Vijiji Vitatu

Muhima, Kigali
5 Februari 2024

Baba mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, goti lako je? Huku mvua inanyesha kila alasiri.

Ngoja nikuchekeshe. Unamkumbuka yule meya anayetaka gazeti letu limweke ukurasa wa mbele kila wiki? Jumanne iliyopita alizindua mabomba ya maji katika vijiji vitatu. Baba, bomba lilikuwa moja! Akafungua, akanywa, akapigiwa makofi. Akaingia garini akabadilisha suti, kibao cha jina la kijiji kikabadilishwa, akafungua tena. Suti ya tatu ilikuwa rangi ya uji wa ulezi, ilimbana makwapa hadi akawa anakunywa maji kama kuku. Maji yenyewe yalitoka kwenye lori la tangi lililofichwa nyuma ya migomba. Évode alipiga picha, mimi nikaandika maelezo. Mhariri wetu, Mugenzi, akasema, "Kazi safi."

Évode na mkewe Spès wanakusalimu. Bado nakaa kwao. Watoto wao wananiita tantine, yaani shangazi.

Mwanao,
Gaju

Ngara, Tanzania
13 Februari 2024

Gaju mwanangu,

Marahaba. Goti linakubali kwenda sokoni, linakataa kurudi. Nimecheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Lakini watu wa vijiji hivyo wanakunywa nini? Hukuandika.

Msalimie sana Évode. Alikupokea stendi ya basi ya Nyabugogo ukiwa na sanduku moja, akakutafutia kazi. Usimsahau.

Baba yako

Muhima, Kigali
26 Februari 2024

Baba,

Shikamoo. Afya ipo, amani ndiyo haipo. Redio ya huko kwenu imesimulia habari ya bomba, pamoja na suti na lori! Watu wanarushiana sauti hiyo kwenye simu, hata wizarani Kacyiru wanacheka. Meya amekuja ofisini mwenyewe, anatweta. Kwa upande wetu tulioshuhudia ni wawili tu, mimi na Évode. Basi Mugenzi amenipa mimi kazi ya kumtafuta aliyetoa siri. Mpelelezi ni mimi, baba! Nimepekua mpaka ndoo ya takataka.

Jana nilimhoji Évode mezani kwake, Spès ananipakulia isombe, kisamvu cha huku.

"Wewe huwa unaongea na Watanzania?"

"Naongea na wewe," akasema. Tukacheka sote.

Ijumaa natoa taarifa.

Mwanao,
Gaju

Ngara
28 Februari 2024

Mwanangu,

Leo sina salamu ndefu. Aliyetoa siri ni mimi. Mtangazaji wa redio nilimfundisha darasa la nne. Nilimwonyesha barua yako tucheke, naye akaisimulia hewani bila kutaja jina. Nimekupigia mara nne, hupokei. Barua hii nampa dereva wa basi akukabidhi mkononi.

Mwambie mhariri wako kwamba ni baba yako, mzee mwenye domo. Mimi huku watanifanya nini? Usikubali Évode aguswe.

Baba yako

Kigali
19 Machi 2024

Baba mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Nisamehe kwa ukimya.

Barua yako ilifika Alhamisi, siku moja kabla ya taarifa. Niliisoma mara mbili, kisha nikaichoma kwenye jiko la Spès. Lakini hukuniambia jipya. Siku redio ilipotaja uji wa ulezi nilijua hayo ni maneno yangu, na niliyemwandikia ni wewe peke yako. Ijumaa nikaandika jina la Évode. Ulitaka niandike langu?

Wamemfukuza. Kamera ni ya ofisi, wameichukua. Magazeti mengine yanaogopa hata kumsalimia. Nilipohama, Spès alinibebea sanduku mpaka kwenye pikipiki. Alidhani nahama ili niwapunguzie mzigo. Akaniombea palepale barabarani.

Sasa mimi ni naibu mhariri. Nina chumba changu Kimihurura. Njoo upaone. Tafadhali usimwambie mtu.

Mwanao,
Gaju

Nyabugogo, Kigali
27 Machi 2024

Gaju,

Naandika nikiwa nimekaa juu ya begi langu, nasubiri basi la kurudi. Sikuulizi hali. Nimekusikia, u mzima.

Asubuhi nilipanda ngazi za ofisi yenu na kumpa Mugenzi barua yako ya mwisho, ili amrudishe Évode. Aliisoma yote, akaniagizia chai.

"Mwalimu," akasema, "nilijua tangu siku ya kwanza. Nani mwingine hapa ana watu Ngara? Meya alitaka kichwa kimoja. Nikamwachia binti yako achague."

"Basi mrudishe kijana wa watu."

"Wa nini? Niliyenaye ananifaa zaidi." Akaikunja barua, akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. "Na sasa hataniacha kamwe. Asante kwa kuileta."

Chumba cha pili ulikuwa unamwambia mtu, "Andika wananchi walifurahi," huku unacheka. Sikubisha hodi.

Nilikwenda kwa Évode nikamweleza yote. Spès alitoka nje kabla sijamaliza. Évode akaniuliza kama nimekula. Niliposema bado, akaniletea sahani, akakaa nami hadi nikamaliza.

Basi limeingia. Usiniandikie.

Mwalimu Rwema