Oili Niliyosema Itaua Injini

Arua, Jumapili, Septemba 1992

Mvua imeanza adhuhuri na mpaka sasa haijaonyesha dalili ya kukatika. Mto Oli unanguruma huko chini. Gereji haina mtu. Zamani, siku kama hii, marehemu mke wangu Hawa angenigombeza kwa kuingia ndani na viatu vyenye grisi. Siku hizi ninaingia navyo mpaka kando ya kitanda na hakuna anayesema neno.

Nina jambo la kuandika. Nisipoliandika leo nitaligeuzageuza kichwani mpaka nijione sina kosa.

Wiki tano zilizopita alikuja hapa Sista Poni. Ni mkunga wa zahanati ndogo kule Midia, upande wa Koboko, karibu na mpaka. Anaendesha mwenyewe pikapu ya zahanati, gari kuukuu ambalo milango yake hufungwa kwa kamba. Mama ambaye uchungu umemshinda hupakiwa humo na kuletwa hospitali ya Arua. Mimi ndiye fundi wa gari hilo tangu niliporudi kutoka ukimbizini. Sista huniita Baba Zaitun, kwa jina la binti yangu, ingawa hajawahi kumwona. Mjini hapa ni yeye tu anayeniita hivyo. Wengine wote huniita Fundi.

Siku hiyo alibeba boksi lenye makopo mawili makubwa ya oili. Mgeni mmoja aliyepita zahanati alimwachia kama zawadi.

"Baba Zaitun, hii wanaita sintetiki. Mgeni alisema iko nzuri kushinda ile yetu. Naweza kuweka kwa gari yangu?"

Nililichukua kopo moja, nikaligeuza huku na huku. Maandishi yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama sisimizi. Kiswahili nilifundishwa katika shule ya kambi ya jeshi, wakati baba yangu akiwa askari. Herufi za Kiarabu nilizipata chuoni kwa mwalimu. Kiingereza hakikunifikia. Miaka yote hii nimeijua oili kwa rangi yake, kwa kuisugua kati ya vidole, na kwa namba iliyoandikwa kwenye kopo. Neno sintetiki sikuwahi kulisikia.

Madereva watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi wakingoja magari yao. Wote walinitazama.

"Usiweke," nikasema. "Hii ni ya magari mapya. Ni nyepesi kama maji. Kwa injini ya zamani itakula sili zote, zile raba za kuzuia mvujo. Itaua injini."

Dereva mmoja akaitikia kwa kichwa, akasema hata yeye alisikia hivyo. Hakuwa amesikia lolote. Mimi ndiye niliyekuwa nimelitunga palepale.

"Sasa nifanye nini?" Sista akauliza. "Oili yangu imekuwa nyeusi kama masizi, na inapungua."

"Ngoja. Lori la Kampala likifika nitakuletea ile yetu ya kawaida. Nitakuletea mwenyewe."

Aliacha makopo yake kwenye rafu yangu akaenda. Aliniamini.

Lori halikufika. Mvua zilikata barabara, na oili ya kawaida ikaisha madukani. Iliyobaki ilikuwa ile iliyokwisha kutumika, inayochujwa kwa kitambaa na kurudishwa sokoni kwenye chupa. Hiyo simwekei mtu. Mara mbili Sista alinitumia salamu kwa madereva wa Koboko: oili imefika? Mara mbili nikajibu: bado kidogo. Na muda wote huo makopo yake yalikuwa kwenye rafu, usawa wa macho yangu.

Sikupata faida yoyote kwa uongo ule. Nilitaka tu watu watatu kwenye benchi wasijue kwamba kuna kitu sikijui.

Jumanne asubuhi lori lililobeba muhogo lilisimama mbele ya gereji. Dereva hakushuka.

"Fundi! Gari ya Sista imekufa njiani, na mama iko ndani. Tumebeba wao mpaka hospitali. Mama amezaa juu ya magunia. Enda haraka, Sista anakuita."

Nilikwenda kwa miguu, nusu nikikimbia, na sijakimbia miaka mingi. Nilimkuta Sista Poni amekaa sakafuni nje ya wodi, gauni lake limekaukiwa na damu. Mtoto alikuwa mzima, wa kike. Mama alikuwa anaongezewa damu, na hakuna aliyejua kama itatosha. Walikaa barabarani saa nzima na zaidi wakingoja gari la kuwachukua. Ni katika saa hiyo mama alipopoteza damu nyingi.

Nilifungua kinywa niseme. Sista akanitangulia.

"Baba Zaitun, unisamehe. Nimeua injini. Nilijua oili iko chini, nikaendesha tu. Ningefanya nini? Alikuwa anakufa kule."

Akaanza kulia. Aliniomba msamaha mimi.

Nikamwambia, "Si kitu, Sista. Si kitu."

Nilimsamehe.

Jumatano tulilivuta gari mpaka hapa. Nilipofungua sampu, bakuli la oili chini ya injini, kilichotoka kilikuwa kikombe kimoja cha uji mweusi wenye vipande vya chuma vinavyometameta. Beringi zilikuwa zimeyeyuka. Krenki, mhimili wa injini, ilikuwa na mikwaruzo mirefu. Injini hiyo haitafufuka. Nilikaa chini ya gari muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, kwa sababu chini ya gari hakuna anayekuona uso.

Alhamisi Sista alikuja kuniambia kwamba mama ameamka na ameomba maji. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Akakaa juu ya tairi kupumzika. Boksi la makopo yake lilikuwa karibu, na ndani yake mlikuwa na karatasi iliyokunjwa ambayo sikuwahi kuitoa. Akaikunjua akaanza kuisoma, kama mtu anavyosoma chochote kilichopo mkononi ili asifikiri.

"Kumbe hapa wameandika maswali ya watu," akasema. Akawa anayageuza kwa Kiswahili polepole. "Wameuliza, hii oili naweza kuweka kwa injini ya zamani? Wanajibu, ndiyo, kama namba yake ni ile inayotakiwa na kitabu cha gari."

Akatazama kopo. Namba ilikuwa ile ile ya gari lake. Niliiona siku ya kwanza.

Aliendelea, lakini sauti ilikuwa imebadilika. "Inaweza kuchanganywa na oili ya kawaida? Inaweza, kama umepungukiwa, ila faida yake inapungua. Inavujisha injini? Wanasema haili sili. Lakini kama sili imechoka, na uchafu ndio ulikuwa umeziba, oili hii inasafisha uchafu na mvujo unaonekana. Basi angalia kijiti cha kupimia oili kila mara."

Akakunja karatasi. Aliikunja ndogo sana.

"Baba Zaitun, ulisema itaua injini."

"Sikujua, Sista. Nilijifanya najua. Kiingereza siwezi kusoma."

Nilidhani atapiga kelele. Ningependa angepiga kelele.

"Ungeniambia," akasema. "Mimi ningekusomea. Ni dakika mbili."

"Watu walikuwa wamekaa pale."

"Watu gani?"

Nilijaribu kuwakumbuka wale madereva. Mmoja tu nilimjua jina.

Sista akainuka, akajifuta vumbi. "Yule mama anaitwa Keji," akasema. "Ana watoto wanne nyumbani. Nataka ujue jina lake."

Kisha akasema, "Kwaheri, Fundi."

Nimeishi peke yangu miaka sita katika nyumba hii na nilidhani nimekwisha kuuzoea upweke. Alhamisi jioni niligundua kwamba bado ulikuwa na chumba kingine sijaingia.

Sasa niandike na lile la pili, maana yanakwenda pamoja.

Nyuma ya gereji, chini ya mabati, nina pikapu yangu mwenyewe, gari la aina ile ile kama la Sista. Nililinunua likiwa gamba tupu nikaliunda kipande kwa kipande. Kila mtu hapa mtaani Oli anajua ni la nini: ni la kwenda Aba, ng'ambo ya mpaka, kumwona Zaitun. Tulikimbilia huko wote watatu mwaka wa sabini na tisa, na Hawa tulimzika huko. Nilipoamua kurudi, Zaitun alikuwa ameolewa, akakataa kumwacha mumewe na kaburi la mama yake. Nikamwambia maneno ambayo baba hamwambii mwanawe. Nilimwambia kwamba mimi ninarudi nyumbani, na yeye kuanzia siku hiyo si mtu wa nyumbani.

Watu wakiniuliza safari lini, hujibu kwamba bado kuna kitu kidogo hakijakaa sawa. Mara breki, mara rejeta.

Gari lilikuwa tayari tangu mwaka jana.

Nililiwasha kila Jumamosi, nikasikiliza linavyonguruma vizuri, nikalizima. Ninaogopa kufika na kukuta kwamba ameyakubali maneno yangu yale.

Ijumaa, baada ya swala, nilifunga mnyororo kwenye boriti nikaing'oa injini ya pikapu yangu. Jirani yangu Candia, seremala, alikuja kunisaidia kuinua. Aliuliza mara moja tu, "Fundi, na safari?" Nikakaza mnyororo, naye akaendelea kuvuta. Jumamosi mpaka saa nane tulikuwa tumeifunga kwenye gari la zahanati. Nikamimina oili ya makopo yale. Ilishuka kimya, safi, rangi ya asali changa. Nikawasha. Nilitega sikio kwenye kila kona kama daktari. Hakuna kilichogonga.

Sista alipokuja kulichukua, benchi lilikuwa na watu wanne. Niliwasha tena ili wasikie, kisha nikasema mbele yao: oili hii nilisema mbaya, nilidanganya, sikuijua. Namba ikikubaliana na kitabu, weka. Na nikamwambia asije akadhani kwamba kwa kuwa ni nzuri basi haihitaji kutazamwa. Vumbi letu halijui sintetiki wala ya kawaida. Apime oili kwa kijiti kila wiki, abadilishe kwa wakati ule ule aliozoea.

Dereva mmoja alicheka kidogo. Wengine walitazama viatu vyao. Haikuniumiza kama nilivyoogopa kwa miaka ishirini na mitano ya ufundi.

Sista alikuwa ameinama chini ya boneti. "Hii injini umetoa wapi?"

"Nilikuwa nayo."

Alitazama kule nyuma, kwenye mabati, akaliona gari langu limeachama boneti, tumbo wazi. Alilijua. Kila mtu analijua.

"Na Aba utaenda na nini?"

"Sina safari."

"Hiyo mwambie mtu mwingine," akasema. Akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakitazama dhidi ya mwanga kama nilivyomfundisha. Halafu akafunga boneti akaondoka kuelekea Koboko. Sijui kama amenisamehe. Hakusema, na sikustahili kuuliza.

Leo asubuhi, kabla ya mvua, nilichemsha uji wa mtama nikautia kwenye chupa ya chai, nikaenda hospitali. Keji amelazwa kitanda cha dirishani. Ni mwembamba, macho makubwa, sauti bado ya mgonjwa. Ndugu zake wako mbali Midia, na shemeji aliyekuja kumtunza alikuwa ameenda kufua. Keji alipoona uji akanyoosha mikono yote miwili, na ili aweze kuushika ilibidi amkabidhi mtu mtoto wake. Akanipa mimi.

Sikuwa nimeshika mtoto mchanga tangu Zaitun. Kucha zangu zilikuwa na weusi usiotoka kwa sabuni. Mtoto alilala tu.

"Wewe ni ndugu ya nani?" Keji akaniuliza.

"Mimi ni fundi wa gari ile."

"Gari imepona?"

"Imepona."

Ningeweza kuishia hapo. Alikuwa ameridhika, na uji ulikuwa moto. Lakini nilimwambia. Nilimwambia kuhusu makopo, benchi, na wiki zile nilizomwambia Sista angoje. Nilimwambia kwamba gari halikufa lenyewe.

Alinisikiliza bila kupepesa. Nikamsogezea mtoto, nikidhani atamtaka haraka, mbali na mikono hii.

Hakunyoosha mkono. Alitazama nje dirishani kidogo, kisha akainua kikombe.

"Ngoja nimalize uji," akasema.

Nikangoja. Alikunywa polepole, mpaka chini. Muda wote huo mtoto alikuwa kifuani pangu, mzito kuliko nilivyodhani watoto huwa.

Kesho nitakwenda stendi kuuliza magari ya Aba yanaondoka siku gani. Sijui kama Zaitun atanifungulia mlango. Nitapiga hodi.