Mstari wa Ishirini na Tatu

4 Machi

Mdogo wangu Chapuchapu,

“Kozi hizi ni karatasi za kutundika ukutani, Dada. Anayeijua kazi anaijua mikononi, na mikono yangu ina miaka kumi na moja kwenye kliniki ya meno.” Hayo ni maneno yako ya Jumamosi, tarehe 28 Februari. Nimeyasoma mara tatu kabla hata ya kuvua viatu. Salamu zitafuata, kwanza nikujibu.

Mikono haijui kitu. Mikono inazoea, na kuzoea si kujua. Mikono yangu mimi, kwenye kliniki ninayofanyia kazi hadi leo, ilizoea kwa miaka sita kuanza kuosha koleo za kung'olea kwa maji ya moto, ikidhani inasafisha, kumbe ilikuwa inagandisha damu kwenye vyuma kama gundi. Aliyenigutusha ni mwalimu mmoja mwenye sauti ya kukera, katika kozi niliyokwenda nikiwa nimenuna. Tangu siku hiyo, msaidizi wa daktari wa meno akiniambia “sisi tumezoea”, nywele zinanisimama.

Haya, hujambo? Mama je, sukari yake inasomaje? Mpe shikamoo yangu. Magego yake mawili bado mtayang'oa hapo kwenu tarehe 27?

Jumamosi hiyo hiyo nilikuwa nafundisha somo la kutakasa vyombo, kama nilivyokuarifu, na nilikuwekea kiti mstari wa mbele. Uliponiandikia kwamba mlikuwa na foleni mpaka mlangoni, nikakusamehe. Walikuja kumi na sita. Watatu walisinzia, na mmoja aliniuliza maswali mazuri hadi nikatamani kumfanya binti yangu.

Nijibu jambo moja bila kunizunguka: mnapotoa vyombo kwenye mashine ya mvuke, mnajuaje kwamba vimetakasika?

Dada yako

10 Machi

Shikamoo Dada,

Sisi wazima, ila masikio bado yanawaka kwa barua yako. Mama anakuitikia marahaba, na anasema ulizaliwa ukibishana na mkunga. Sukari yake imetulia. Daktari ameipima na kukubali, tarehe 27 magego yatoke. Anachoogopa ni sindano tu, lakini akikumbuka kwamba nitakuwa pembeni namshikia kikombe cha kutemea, anapata moyo.

Kuhusu swali lako, Bi Kanuni. Kila pakiti ina alama kwa nje. Ikipigwa na mvuke inageuka kahawia, na ikigeuka, kazi imekwisha. Siku za foleni najaza mashine mpaka mlango unagoma, nauwekea goti, usicheke, na unafunga. Pakiti zikitoka na majimaji nazipangusa. Daktari akinyoosha mkono, koleo ipo. Jina la Chapuchapu si wewe mwenyewe uliyenipa?

Mwezi ujao tunamngoja mkaguzi. Hatuna wasiwasi, vyeti vyote vimekamilika. Hata cha kutakasa vyombo kimefika juzi, na dada wa mapokezi amekitia fremu. Kinapendeza kweli pale juu ya saa.

Mdogo wako

15 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo. Natumaini Mama hajambo. Leo salamu ni fupi kwa sababu kifua kimejaa.

Cheti gani cha kutakasa vyombo? Mwaka huu kozi hiyo imefundishwa mara moja tu kwa eneo lenu, na aliyeifundisha ni mimi. Nilimwomba mratibu wa kozi orodha ya mahudhurio, imefika jana. Mstari wa ishirini na tatu una sahihi yako, na ule mkia unaoupinda kushoto tangu darasa la nne. Chini yako kuna dada wa mapokezi, chini yake mwosha vyombo wenu. Nimeiweka orodha kando ya barua yako ya siku ile ile ya kozi, uliyoiandika kliniki ukinisimulia jinsi mzee mmoja alivyomuuma Daktari kidole. Ulikuwa sehemu mbili kwa wakati mmoja? Au mzee wa kuuma vidole hayupo?

Basi sikia ulichokikosa. Alama ya nje inakwambia kwamba pakiti imepita kwenye joto, basi. Haikwambii kama mvuke umeingia hadi ndani, kwenye maungio ya koleo. Mashine iliyofungwa kwa goti haina hata upenyo wa mvuke kupita. Na pakiti iliyotoka na majimaji haipanguswi. Inafungwa upya na kurudishwa, kwa sababu karatasi mbichi inanyonya uchafu wa kila kidole kinachoishika.

Mama ana kisukari. Kidonda chake cha fizi kikiingia uchafu hakitapona kwa kusukutua maji ya chumvi. Asikalie kiti hicho tarehe 27. Tena nimeanza kujiuliza ni mangapi mengine unayoniandikia huku karatasi zenu zikisema vingine.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Mama hajambo. Salamu nyingine tuziache.

Nani anakutuma? Kwanza uliuliza habari za mashine, kwa upole kabisa, nami mjinga nikamwaga yote mpaka habari za goti. Halafu ukaagiza orodha. Mkaguzi yuko njiani, na dada yangu wa tumbo moja anakusanya barua zangu na kuzipanga kwa tarehe. Nilipomwonyesha dada wa mapokezi, akasema, “Huyo anaandaliwa cheo kwenye Baraza linalotupa leseni, na ngazi yake ni wewe.” Nikamkatalia. Sasa sijui.

Ndiyo, nilitia sahihi. Mratibu wenu alileta karatasi wiki moja kabla ya kozi, tukasaini wote watatu kwenye chumba cha chai, sinia mkononi, ili kliniki isifungwe Jumamosi. Daktari alisema ndivyo inavyofanyika kila mahali. Tulidhani mwalimu anajua.

Tena tulikuwa na haki ya kudhani hivyo. Mimi pia nimeomba nakala. Mwisho wa ukurasa, penye maneno “Nathibitisha kwamba waliotajwa hapo juu wote walihudhuria”, kuna sahihi, na haina mkia wa kushoto. Ni yako. Uliniandikia walikuja kumi na sita. Orodha ina watu arobaini na mmoja. Hao ishirini na watano uliwaona wapi, Bi Kanuni? Walikuwa wamekaa mapajani?

Mama atakaa kwenye kiti chetu tarehe 27. Usiniandikie.

Mdogo wako

22 Machi

Mdogo wangu,

Umeniambia nisiandike, naandika. Hujambo? Mama hajambo?

Niliiona. Siku orodha ilipofika niliona sahihi yangu kabla ya kuona yako. Nikaweka kikombe cha chai juu yake, nikakuandikia ile barua ya hasira. Sina namna nzuri ya kulisema hili, kwa hiyo nimelisema vibaya na limekwisha.

Siku ya kozi, nikiwa nakunja nyaya za projekta, mratibu alinijia na karatasi mkononi. “Saini hapa chini, Mwalimu, basi lako linaondoka.” Mistari yote ilikuwa imejaa. Sikuhesabu. Saa nzima nilikuwa nimewapigia watu kelele wasiiamini alama ya nje ya pakiti, halafu mimi mwenyewe nikaamini karatasi kwa kuwa imejaa wino.

Sijaahidiwa cheo na sijatumwa na mtu. Jana nimeliandikia Baraza kufuta sahihi yangu. Zenu sikuzigusa, hiyo ni kazi yenu. Najua unaweza usiniamini. Ningekuwa wewe nisingemwamini mtu kama mimi.

Ndani ya bahasha hii kuna vikaratasi kumi vya kupimia. Weka kimoja ndani ya pakiti ya koleo za magego, kando ya chuma, na pakiti hiyo uiweke katikati kabisa ya mashine. Kisha jaza kama unavyojaza siku zote, kwa goti lako. Kikaratasi kina mstari mweupe. Mvuke ukifika na kukaa muda wake, mstari wote unakuwa mweusi. Usinionyeshe mimi. Tazama wewe, kabla Mama hajafungua mdomo.

Dada yako

28 Machi

Shikamoo Dada,

Mama hajambo, na magego yake anayo yote mawili. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungeruka mistari kulitafuta.

Kikaratasi nilikitia ili nikushinde. Nilipanga nikutumie kikiwa cheusi tii, bila barua, bila salamu, kikaratasi tu ndani ya bahasha. Nilijaza mashine kama kawaida. Alama ya nje ikatoka kahawia safi kabisa, nikacheka peke yangu.

Jana saa tatu asubuhi Mama alikuwa kitini, kitambaa cha kukingia mate shingoni, mkoba wake kaukumbatia tumboni kama vile tungeuiba. Daktari akamchoma sindano. Tulipongoja ganzi ishike, nikapasua pakiti. Mstari ulikuwa mweusi robo tu. Sehemu iliyobaki ilikuwa nyeupe vilevile kama ulivyonitumia.

Daktari akanyoosha mkono. “Koleo.”

Sikumpa.

“Chapuchapu, koleo!”

Nikamwonyesha kikaratasi. Akatupa jicho kwenye pakiti, akasema, “Nje si imegeuka? Ikigeuka, kazi imekwisha.” Yalikuwa maneno yangu, Dada, neno kwa neno. Alijifunza kwangu.

Mama, nusu ya mdomo imelala, akauliza, “Nyie mnang'oa au mnasoma?”

“Mama, shuka.”

“Nishuke wapi, na shavu silisikii!”

Alishuka. Alinuna hadi nyumbani, na chai ya mchana ikammwagikia kifuani kwa sababu ya ganzi, akanilaumu mimi. Daktari alizungumza na mimi kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia, kisha akakiinua kikaratasi kwenye mwanga wa dirisha, kisha akamwambia dada wa mapokezi awarudishe watu waliobaki. Mchana tukarudia mashine ikiwa imejazwa nusu tu, tukaiacha ikaushe kwa muda wake wote. Mstari ukatoka mweusi mwanzo mpaka mwisho. Inachukua dakika arobaini zaidi. Ndizo nilizokuwa naziokoa kwa goti.

Halafu nikakaa kwenye kile kiti chenyewe nikawafikiria waliokaa pale kabla ya Mama. Unamkumbuka fundi cherehani niliyekusimulia, yule mcheshi? Mwezi wa kwanza, siku chache baada ya kung'olewa jino hapa, alirudi shavu limevimba mpaka jicho limefumba, akalazwa siku tisa. Nilimwambia hakusukutua vizuri. Nilimfokea, Dada. Mtu mzima, akaniomba radhi. Labda haikuwa koleo yetu, sitajua kamwe. Jumatatu nakwenda kwake kumwambia.

Cheti nimekishusha, kimeacha mraba mweupe ukutani. Dada wa mapokezi hasemi na mimi. Sahihi yangu nimeliandikia Baraza waifute, leseni na iwe itakavyokuwa.

Sijui kama nakuamini bado. Ile habari ya kikombe cha chai imenikaa vibaya. Ila vikaratasi nimebakiwa navyo vinane, na vinane havifiki mwisho wa wiki. Tuma vingine.

Na kitu kimoja. Sisi hapa tuko watatu. Wale ishirini na wawili wengine, leo asubuhi wamefungua pakiti gani?

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mwambie Mama nimekwisha kumtafutia kosa lingine la kukulaumu, asichoke. Fundi cherehani amekupokeaje? Nieleze, hata kama ni mabaya.

Vikaratasi mia vimo ndani ya kifurushi. Na barua iliyo hapa chini nimeitoa nakala ishirini na mbili, moja kwa kila jina. Wewe unaisoma kwanza, uone kama nimeweka kikombe juu ya neno lolote.

Kwenu ishirini na wawili mliotia sahihi bila kufika:

Hamjambo? Wagonjwa wenu je? Siwaulizi kwa adabu tu. Nauliza kwa sababu mimi ndiye niliyethibitisha kwamba niliwaona, na sura zenu sizijui.

Najua mtakachosema. “Daktari alituambia tusaini.” Daktari hakuwashika mkono. “Kozi ni porojo.” Mmejuaje, na hamkuja? “Kwani nani amekufa?” Hilo ndilo linaloniwasha, kwa sababu aliyeumizwa na koleo chafu harudi kuwashtaki. Anarudi shavu limevimba, mnamfokea, anawaomba radhi, nanyi mnaiita radhi yake ushahidi kwamba kazi yenu ni safi. Sahihi yangu nimeifuta. Cheti kilichoko ukutani kwenu kuanzia leo hakina mwalimu.

Jumamosi, tarehe 18 Aprili, saa mbili asubuhi, nitakuwa katika ukumbi ule ule. Nitasimama mlangoni na kuhesabu vichwa kwa kidole, hakuna karatasi itakayotangulia. Katika kila bahasha nimetia kikaratasi kimoja. Kiwekeni ndani ya pakiti, katikati ya mashine mliyoijaza kama mnavyoijaza siku zote, na pakiti hiyo msiifungue. Njooni nayo. Chagueni ile ambayo mngempasulia mgonjwa wenu wa kwanza Jumatatu, au mama yenu.

Mtaipasua mbele yangu, na mimi nitapasua ya kwangu mbele yenu.

Dada yake wa mstari wa ishirini na tatu