Nilimwaga Alizeti ya Mama Mkwe

Mama Mukiri, nisikize hadi mwisho kabla hujaanza kunigombeza, maana wiki hii nimegombezwa vya kutosha. Mimi ni Marcella, naishi Kaaga hapa Meru, nauza vipodozi dukani mjini, na nimeolewa na Njura, mtu wa Kiambere, na tuna msichana mmoja wa miaka mitatu, Ciakuthii, ambaye tulimpa jina la mamake Njura vile desturi inataka.

Huyu mtoto ana ngozi mbaya tangu akiwa mchanga, inakauka inapasuka nyuma ya magoti na kwenye viwiko, anajikuna hadi damu, na majirani wananiangalia kama mama mchafu, mimi! Sasa mwanamke mmoja wa chama chetu cha akina mama akaniambia ni mafuta ya chakula yanamchafua damu, nikaamini, nikatoa mafuta yote kwa sahani yake, githeri tu, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, hakuna avokado, hakuna njugu, maziwa naondoa malai, miezi mitano nzima, na kila jioni namsugua na maji moto na sabuni ya kipande ili uchafu utoke. Ngozi ikazidi kuharibika, na mimi nikazidi kusugua.

Mwezi uliopita mama mkwe akaja kutoka Kiambere bila hata kunipigia simu, amebeba chupa ya soda ya lita mbili imejaa mafuta ya alizeti waliyokamua huko kwao, na nikitoka kazini namkuta ameketi mlangoni, mtoto uchi mapajani mwake, anampaka hayo mafuta huku anamlisha kunde zilizokaangwa kwa mafuta hayo hayo, na mtoto anacheka! Damu ilinichemka, Mama Mukiri. Nikanyakua ile chupa nikaimwaga yote kwa mtaro, majirani wakiangalia, nikamwambia asiniletee uchafu wa shamba kwa nyumba yangu. Alijifunga leso yake, akamgusa mtoto shavu, akasema, "Marcella, huyo ni mimi. Ngozi unayosugua ni yangu." Akaenda bila hata kunywa chai.

Wiki jana nikapeleka mtoto kwa daktari wa watoto, akaniuliza anakula nini, nikamweleza, akaweka kalamu chini. Akasema huo ni ukurutu, na kwamba kumnyima mafuta na kumsugua kumeuzidisha. Alinipa dawa ya kupaka, akaniandikia kwa karatasi: arudishiwe mafuta ya mimea kwa chakula. Mafuta ya mimea! Njura alipoisoma akaniambia niende Kiambere nimwombe mamake msamaha, ama yeye achukue mtoto wakakae huko. Nimepiga simu, mama mkwe hashiki. Sasa nauliza, kwani ni mimi peke yangu nimekosa? Yule wa chama je? Na mtu kuja kwangu bila kuniambia je? Nimechoka kuwa mbaya kila siku. Mtoto nimfanyie nini, na ni lazima niende?

Marcella, Kaaga

*

Marcella, nimekusikiza hadi mwisho. Sasa na wewe kaa chini.

Nilikuwa nesi kule Embu miaka ishirini na sita, na uchungu wa mama anayeangalia mtoto akijikuna hadi damu naujua. Hukumtesa kwa ubaya. Lakini wewe unauza vipodozi! Kesho ukifungua duka, chukua zile chupa ndogo za mafuta ya ngozi unazowasifia wateja, usome kilichoandikwa nyuma. Alizeti! Hata ua lake limechorwa pale mbele. Watu wa mji unawauzia alizeti kwa chupa ya ukubwa wa kidole, halafu lita mbili za mama mkwe wako unamwaga kwa mtaro kwa sababu zilikuja kwa chupa ya soda kutoka Kiambere. Hiyo si kutojua, mama. Hayo ni madharau.

Wacha nikufunze, kwa sababu yule wa chama hakukufunza. Kuna mafuta ambayo mwili hauwezi kujitengenezea hata ufanyeje, lazima yatoke kwa chakula. Wataalamu huyaita asidi za mafuta za lazima, na alizeti ina moja yao kwa wingi. Ngozi huyatumia kujiziba, ili maji ya mwili yasitoke ovyo na vitu vya nje visiingie. Ngozi yenye ukurutu tayari inavuja. Wewe ukamnyima mtoto cha kuzibia, halafu kila jioni ukachukua sabuni ya kufulia ukatoa hata kale kadogo kalikobaki. Miezi mitano! Ungesugua ukuta wa nyumba yako hivyo, rangi ingebaki?

Lakini usije ukakimbilia upande ule mwingine. Mafuta peke yake hayaponyi ukurutu, hata yangekuwa ya mama mkwe. Dawa ya daktari mpake vile alivyosema, na umrudishe siku aliyopanga. Mboga pika na kijiko cha mafuta, mpe avokado, maziwa yaache na malai yake, na njugu, kama alikuwa amezizoea, zisage laini zisimkwame kooni. Muogeshe haraka kwa maji vuguvugu, na ile sabuni ya kipande irudi kwa nguo. Alizeti ya kumpaka, muulize daktari kwanza, ujaribu mahali padogo mkononi, na usiguse kidonda kinachotoa maji. Mafuta yakianza kunuka kuzeeka, hayo ndiyo ya kumwaga.

Yule wa chama mwambie alikosea, na umwambie mbele ya wenzake, kabla mtoto wa mwingine hajasuguliwa. Na mama mkwe kuja bila kupiga simu? Ala! Mtu anaenda kumwona wajina wake, amwombe nani ruhusa? Wewe mwenyewe umesema desturi ndiyo ilimpa mtoto jina. Alipokwambia "huyo ni mimi" hakuwa anapamba maneno, kwao ndivyo ilivyo. Umemsugua mama wa watu miezi mitano, halafu ukamfukuza mlangoni.

Utaenda Jumamosi. Njura abaki nyumbani, asije akakusemea. Usibebe sukari wala leso mpya. Beba mtoto, na chupa ya soda ya lita mbili, tupu, iliyooshwa. Ukifika, mvue mtoto fulana, umweke mapajani mwa mwenye jina, umpe ile chupa, useme, "Mama, nilimwaga. Naomba tena." Halafu unyamaze. Mwache aangalie magoti, aangalie viwiko, aangalie yote uliyofanya, na usimweleze habari ya chama hata neno moja.

Akikupa chai, kunywa yote.