Safu ya Kopo Lako

Mwalimu,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu nimefuta kazi ya mkono wako, na sitaki uisikie kwa mwingine kabla ya kuisikia kwangu.

Ni miezi mitano tangu tukuzike kule juu, nyuma ya migomba yako. Ofisi yetu ya mvua iko vilevile: meza mbili, chupa ya chai isiyofunga vizuri, na ile kompyuta uliyozoea kuigonga ubavuni. Kila saa tatu asubuhi watu wetu wa mlimani bado wanachungulia makopo yao ya mvua na kutuma milimita kwa simu. Kila ujumbe bado unaingia kwenye hifadhidata kama mstari mmoja: tarehe, kituo, kipimo. Na saa tatu na nusu bado naligeuza lile rundo la mistari liwe jedwali ulilolipenda, tarehe zikishuka chini, vituo vikisimama kila kimoja na safu yake, ili mtu wa bondeni auone mlima wote mara moja.

Lakini Jumanne ya wiki iliyopita jedwali lilidanganya.

Mzee Loishiye wa Kisongo, yule anayesimama kwenye korongo na fimbo yake kuamua nani avuke na nani asubiri, aliipokea ripoti akaona vituo vyote vya juu vina manyunyu tu. Kisongo kwenyewe jua linawaka. Akaruhusu ng'ombe wavuke, na watoto nyuma yao, maana shule zimefungwa. Maji yakashuka. Unayajua yale maji, hayabishi hodi. Ndama wanne walikwenda. Mjukuu wake, msichana wa darasa la tatu, alikutwa ameng'ang'ania mzizi wa mgunga, maji yakimfika kidevuni, na wanaume watatu walishikana mikono kumtoa.

Alinipigia simu. Hakufoka, na bora angefoka. Alisema tu, "Binti, karatasi yako ilisema huko juu hakuna mvua."

Na mvua ilikuwepo. Milimita themanini na moja, Mwalimu! Mtunza kanisa wa kule juu aliipima kwa wakati, akaituma kwa wakati, na mstari wake ulikuwa ndani ya hifadhidata, mzima kabisa. Ila haukuwa na safu. Kopo lake nililisimika mimi baada ya msiba wako, na kwenye lile swali lako, ile amri ya kompyuta inayogeuza mistari kuwa safu, majina ya vituo yameandikwa kwa mkono, moja baada ya jingine. Jina lisiloandikwa halionekani. Kompyuta hailalamiki wala haionyeshi kosa. Inaliacha tu.

Niliketi nikahesabu. Wewe uliandika vituo kumi na vinne. Hifadhidata ilikuwa na kumi na saba.

Wenzangu waliniambia ajali haina kinga. Hii ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikuwa mimi.

Nilikukasirikia pia, sikufichi. Kwa nini uandike kwa mkono, wewe uliyejua njia nyingine? Kisha nikakumbuka ulivyonijibu siku niliyokuuliza hilohilo, tukiwa Terrat kwa yule mama mwenye kopo karibu na zizi. "Kituo hakiingii kwenye ripoti yangu mpaka nimekunywa chai pale." Ulikuwa unakagua kama kopo liko chini ya mparachichi, kama mbuzi wanajikuna kwenye nguzo yake. Ndipo unarudi ofisini unaandika jina. Orodha ile ilikuwa ni safari zako. Mimi nilirithi orodha, safari nikaziacha.

Jumatano mchana nilifuta majina yote kumi na manne. Nikaandika swali la hatua mbili: kwanza liiulize hifadhidata yenyewe ni vituo gani vimetuma vipimo ndani ya siku thelathini hizi, kisha liyachukue majina litakayopewa, lijitungie safu zake, ndipo lilete jedwali. Likakubali. Mtunza kanisa akatokea, na wale wengine wawili niliokuwa nimewaacha. Nikaenda nyumbani najiona fundi.

Alhamisi asubuhi mlima haukuonekana kwa mawingu. Saa tatu kamili vipimo vikaanza kuingia: arobaini, hamsini na tano. Nikaendesha swali. Kosa. Nikaendesha tena. Kosa. Hakuna jedwali, hata la kituo kimoja. Saa tatu na dakika kumi na mbili Mzee Loishiye akapiga. "Ng'ombe wako ukingoni, wana kiu. Nisemeje?" Nikamwambia asivushe hata kuku. "Mpaka lini?" Nilisikia kwenye pumzi zake kwamba haniamini tena.

Ilikuwa Ng'iresi. Kopo jipya nililolisimika wiki hiyo, linatuma kwa mara ya kwanza, na ile alama ndogo ya ritifaa ndani ya jina lake ililikata swali langu katikati, kompyuta ikadhani jina limeishia pale. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiniambia, "Funga majina, binti, kabla ya kuyatuma." Wewe ulikuwa ukiyafunga bila hata kuangalia. Nikaongeza amri ya kulifunga kila jina ndani ya alama za kunukuu, na jedwali likafunguka.

Nikahesabu safu kwa kidole. Kumi na saba za zamani, na Ng'iresi, nilitegemea kumi na nane. Zilikuwa kumi na saba.

Nani tena nimemwacha? Mtunza kanisa yupo. Terrat ipo. Engutoto ipo. Nikarudia tangu mwanzo, jina kwa jina, simu ikiita pembeni, mpaka nikamwona aliyekosekana.

Ulikuwa wewe.

Kopo lako la nyumbani. Miezi mitano safu yake ilisimama kwenye ripoti, tupu, kwa sababu jina lake uliliandika mwenyewe na hakuna aliyethubutu kulifuta. Swali langu halina aibu hiyo. Liliuliza nani ametuma, na wewe hukutuma. Nilipeleka ripoti, nikamwambia Mzee Loishiye asivushe mpaka kesho yake, kisha nikaweka kichwa mezani nikalia. Saa tano maji yalishuka. Kisongo walisimama ukingoni, watoto na ng'ombe wote, wakayatazama yakipita.

Jumamosi nilipanda kwako. Mama Ndeshi alinipokea vizuri, akanigombeza kwamba nimekonda. Nikamweleza nilichofanya, maana msema kweli mpenzi wa Mungu. Nikamwambia naweza kuirudisha safu ya mumewe kwa mkono, ikae tupu kama kumbukumbu. Akanipeleka nyuma ya nyumba. Nguzo ya kopo lako imeinama. Siku ya msiba walifunga turubai pale, na walipolitoa waliacha kipande cha kamba. Akasema, "Sijaweza kupita hapa. Kila saa tatu namsikia anakohoa." Sikumwomba kitu. Nilikunywa chai, vikombe viwili, nikashuka.

Leo asubuhi, saa tatu na dakika mbili, simu ya ofisi ikaandika jina lako.

Mwalimu, nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Jina lako, namba yako, na chini yake: "23." Kisha ujumbe wa pili: "Nimefungua ile kamba. Nguzo nimeinyoosha. Mama Ndeshi."

Sikugusa chochote. Niliendesha swali kama kila siku, likauliza nani ametuma, likajibiwa. Safu kumi na nane. Yako ilikuwa ya tatu kutoka kushoto, na namba moja tu ndani yake. Mzee Loishiye akapiga simu. "Mwalimu amerudi?" Nikamwambia ni Mama. Akasema, "Basi tutamsikiliza."

Pumzika sasa. Sitaandika tena jina la mtu kwa mkono kwenye lile swali, hata lako. Lakini nakuahidi: kopo lolote litakalotokea kwenye jedwali, kabla wiki haijaisha nitakuwa nimekunywa chai pale. Kesho naanza na Ng'iresi. Keshokutwa nakuja kwako, Mama anasema nikaangalie kama nguzo imenyooka.

Binti yako wa ofisini,
Naomi